Yoyo ya vyuma viwili: tununue mzunguko, tusinunue mng'ao

SANGA, KAMINA. Leo sileti habari ya barabara wala ya bei ya unga. Naleta maneno juu ya kitu kidogo kinachoingia mfukoni, kinachofungwa kwenye kidole kwa uzi, na ambacho vijana wanakitazama kwenye simu mpaka chaji inaisha. Ni yoyo, na hasa ile ya vyuma viwili: mwili wa alumini, ukingo wa chuma kisichoshika kutu.

Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo. Mtoto wa hapa, awe mwenyeji awe mkimbizi wa ndani, anastahili kitu kizuri cha kuchezea, kitu kisichovunjika kabla jua halijatua. Yoyo ya vyuma viwili inaweza kuwa kitu hicho, na kwa bei isiyoumiza nyumba. Lakini wanaonunua hawaulizi, na wanaouza hawaelezi. Matokeo yake ni yale yale: pesa inatoka, mtoto anafurahi siku mbili, halafu kitu kinalala kwenye takataka na wakubwa wanasema, "Si tulisema mchezo ni upuuzi?"

Upuuzi hauko kwenye mchezo. Uko kwenye namna tunavyonunua.

MCHEZO HAUIBI BUKARI

Najua jibu litakalokuja kwanza. "Watu wanalala chini, wewe unatuletea maneno ya yoyo?" Hilo ni jibu la watu wenye huruma, kwa hiyo nalijibu kwa heshima.

Mama asiye na unga ndani ya nyumba asinunue yoyo. Anunue unga. Hapo hatuna ubishi. Maneno yangu yanawahusu wale ambao tayari wanatoa pesa kwa ajili ya vitu vya watoto: yaya aliye Lubumbashi anayerudi mwisho wa mwaka na mfuko wa zawadi, mjomba aliye Ndola au Bruxelles anayeuliza kwenye simu "niwaletee nini watoto?", kikundi cha vijana cha parokia, na wageni wanaokuja na gunia la vitu vya plastiki, wanawapanga watoto mstari, wanapiga picha, wanapanda gari. Pesa hiyo inatumika kila mwaka. Ninachouliza ni kwa nini itumike vibaya.

Halafu kuna jambo ambalo wenye huruma wanalisahau. Mtoto aliyetoka upande wa Mitwaba au Malemba-Nkulu kwa mguu, mzigo kichwani, hakupoteza nyumba peke yake. Alipoteza wenzake wa kucheza, uwanja wake, na kile kitu alichokuwa anakijua kuliko watoto wengine. Kule alikuwa bingwa wa kitu fulani, hata kama ni kuendesha gari la waya. Huku ni "mtoto wa wakimbizi". Unga unakuja na unaisha. Siku inabaki ndefu. Mpe kitu anachoweza kujifunza kwa mikono yake, kesho watoto wa wenyeji watamzunguka wakimwambia, "Tuonyeshe tena." Hapo ndipo anapata jina lingine.

Na hili si wazo la mwandishi wa habari peke yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za mtoto, wa mwaka 1989, nchi yetu iliukubali mwaka 1990, wakati bado inaitwa Zaire. Kifungu cha 31 kinasema mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Hakisemi "isipokuwa mtoto wa mkimbizi".

VYUMA VIWILI VYA KAZI GANI?

Sasa tuingie kwenye kitu chenyewe, maana asiyejua kazi ya kitu atauziwa rangi yake.

Chukua kinga, igeuze juu chini, zungusha gurudumu la mbele kwa mkono. Litazunguka muda mrefu. Kwa nini? Kwa sababu mbili. Ya kwanza, uzito wake mwingi uko mbali na katikati, kwenye ukingo na kwenye tairi. Ya pili, katikati kuna vigololi vya chuma vinavyolifanya liteleze bila kukwaruzana. Ukielewa gurudumu la kinga, umeshaielewa yoyo ya kisasa.

Yoyo nzuri ya chuma huwa na uzito wa gramu 65 hivi, na upana wa milimita 55 hivi. Uzito huo huwezi kuuongeza sana, maana kidole kitaumia na mkono utachoka. Kwa hiyo mafundi walijiuliza: kama uzito wote hauwezi kuongezeka, tuuweke wapi? Jibu ni ukingoni. Ukisogeza gramu moja hadi umbali mara mbili kutoka katikati, mchango wake katika kuendeleza mzunguko unakuwa mara nne. Hapo vyuma viwili vinapata kazi. Alumini ni nyepesi: sentimita moja ya ujazo ina gramu 2.7. Chuma kisichoshika kutu kinakaribia gramu 8 kwa ujazo ule ule. Basi mwili unachongwa kwa alumini ili katikati pawe pepesi, na pete mbili za chuma zinabanwa kwenye kingo, moja kila upande. Uzito wote unabaki ule ule, lakini umehamia pale unapofaa.

Faida yake ni kwamba yoyo ikishuka hadi mwisho wa uzi, inalala pale chini ikizunguka muda mrefu, imesimama wima, na mchezaji anapata nafasi ya kuipitisha juu ya uzi, kuitoa, kuirudisha, bila haraka. Hiyo tu. Haileti uchawi. Mtu asiyejua kuirusha sawasawa, pete za chuma hazitamfundisha.

BEI SI UFUNDI

Hapa ndipo ninapogombana na wauzaji, na pia na vijana wetu wenyewe. Vijana wanaamini kwamba yoyo ya dola 100 na zaidi ni nzuri mara tatu kuliko ya dola 30 au 40. Si kweli.

Mwaka 2014, mashindano ya dunia ya yoyo yalifanyika Prague, katika nchi ya Cheki. Aliyeshinda kundi kuu, kijana wa Marekani aitwaye Gentry Stein, alishinda kwa yoyo iitwayo Shutter ya kampuni ya YoyoFactory. Ilikuwa ya chuma kimoja tu, alumini peke yake, na duka lilikuwa linaiuza kwa bei ya chini ya nusu ya zile za kifahari. Bingwa wa dunia hakuhitaji hata hicho chuma cha pili. Kijana wa Kamina anayesema hawezi kuanza mpaka apate ile ya bei kubwa, anatafuta sababu ya kutoanza.

Twende nyuma zaidi. Mtu aliyeifanya yoyo ijulikane Marekani hakuwa tajiri. Aliitwa Pedro Flores, mzaliwa wa Ufilipino, mhamiaji, aliyekuwa akifanya kazi ya kubeba mizigo ya wageni hotelini. Mwaka 1928 alifungua kampuni yake ya yoyo huko Santa Barbara, California. Ni mwaka ule ule ambapo reli iliyopita hapa Kamina ilifika Ilebo, wakati huo ikiitwa Port-Francqui. Na siri ya yoyo ya Flores ilikuwa nini? Ilikuwa uzi. Badala ya kufunga fundo kwenye mti wa katikati, uzi ulizungushwa tu kama kitanzi, ukaachwa ulegee. Kwa hiyo yoyo iliweza kulala chini ikizunguka badala ya kupanda mara moja. Kitu cha bei ndogo kuliko vyote ndicho kilichobadilisha mchezo, na kilibadilishwa na mtu aliyefika ugenini na mikono yake. Jamaa mliokimbia, hilo liwekeni akilini.

Bei kubwa inalipia nini basi? Inalipia jina, rangi, sanduku zuri, idadi ndogo iliyotengenezwa, na wakati mwingine metali ngumu kama titani. Inalipia pia kazi halisi ya kuchonga vyuma viwili na kuvibana bila kuyumba, hilo sikatai. Lakini siku hizi mashine zinazofanya kazi hiyo ni nyingi, hasa viwandani China, na ndiyo maana leo unaweza kupata ya vyuma viwili iliyo nzuri kati ya dola 30 na 60. Juu ya hapo, kwa mtu anayejifunza, unanunua mng'ao.

ILE NZURI HAIRUDI MKONONI

Neno hili wauzaji hawalisemi, na ndilo linaloleta machozi mengi nyumbani.

Yoyo tuliyoijua tangu utotoni, ya mti au ya plastiki, ukiivuta kidogo inapanda mkononi. Yoyo ya kisasa ya vyuma viwili haipandi. Beringi yake inateleza mno, na mwanya wa katikati ni mpana, kwa hiyo uzi haushiki. Ukivuta, inaendelea kuzunguka pale chini kama haikusikii. Haijaharibika, ndivyo ilivyotengenezwa. Kuirudisha kuna ufundi wake: unakunja uzi kidogo na kuuingiza ndani ya mwanya ukiwa maradufu, unabana, ndipo inapanda. Mkono uliozoea hufanya hivyo kwa kupepesa macho. Mtoto wa miaka saba atahangaika wiki nzima, halafu ataitupa.

Kwa hiyo, mjomba mpendwa, usimletee mtoto mdogo yoyo ya vyuma viwili, hata kama mfuko unaruhusu. Mletee kwanza ile rahisi inayorudi mkononi, ya plastiki ngumu au ya mti. Akishajua kuirusha ikalala na kuirudisha bila kuangalia, akishaanza kuuliza maswali, ndipo ile ya vyuma inafika kwa wakati wake. Na kuna sababu ya usalama pia. Gramu 65 za chuma zinazozunguka zikimgonga mtoto wa jirani kwenye meno, mtagombana na jirani. Mchezaji asimame mahali pa wazi, wadogo wakae mbali, na uzi usizungushwe shingoni hata kwa mzaha.

JINSI YA KUJARIBU KABLA YA KULIPA

Mtu akikuletea yoyo sokoni, au ndugu yako akiwa dukani na simu mkononi, fanya haya, kwa utaratibu.

Kwanza, uliza kama pete ni chuma kweli au ni rangi tu. Kuna yoyo za alumini tupu ambazo ukingo wake umepakwa rangi nyingine ili zionekane za vyuma viwili. Tazama kwa ndani na kwa ukingo: pete ya kweli ina mstari mwembamba pale metali mbili zinapokutana, na ukipitisha ukucha unaweza kuusikia. Watu watakwambia ujaribu kwa sumaku. Sumaku inasaidia nusu tu. Ikivutwa, ni chuma. Isipovutwa, inaweza kuwa alumini, lakini inaweza pia kuwa chuma kisichoshika kutu cha aina isiyovutwa na sumaku. Usimhukumu muuzaji kwa sumaku peke yake.

Pili, itikise karibu na sikio, halafu igonge polepole kwa kidole. Ikilia kama kitu kinacholegea, pete haijabanwa vizuri. Iache, hata akupunguzie bei. Pete iliyolegea haikazwi na fundi wa kinga.

Tatu, irushe, au mwombe mwenye kuuza airushe. Ikiwa chini inazunguka, itazame kwa upande. Ukingo ukionekana kama unacheza, kuna kuyumba. Gusa ukingo polepole kwa ukucha: mtikisiko mdogo si dhambi, karibu zote zinao, na za bei ndogo zaidi. Mtikisiko unaoufanya uzi utetemeke mpaka kwenye kidole, huo ni wa kukataa.

Nne, ifungue. Yoyo ya kisasa inafunguka katikati kama chupa. Ndani utaona msumari wenye nyuzi za skrubu, na beringi. Beringi ya kawaida ina tundu la milimita 6.35, upana wa nje wa milimita 12.7 na unene wa milimita 4.76. Andika namba hizo. Ukikuta beringi ya kipimo kingine, siku itakapokufa hutapata nyingine. Ukikuta hiyo ya kawaida, utapata, kwa sababu viwanda vingi vinaitumia. Angalia pia nyuzi za skrubu ndani ya alumini: zikiwa zimelika, yoyo hiyo imekwisha. Na ukiifunga tena usikaze kwa nguvu za mkono wa mchimba mawe. Alumini ni laini, na skrubu ya chuma itaikata.

Tano, uliza vitu vinavyoisha. Uzi unaisha, mchezaji mwenye bidii anaweza kuuchosha kwa siku chache. Vibandiko viwili vya silikoni vilivyo ndani, vinavyoshika uzi wakati wa kuirudisha, vinaisha pia, ingawa polepole. Yoyo isiyo na uzi wa akiba ni kama kinga isiyo na tairi. Nyuzi za poliesta ndizo zinazofaa, na mshonaji anazo: unachukua nyuzi kadhaa, unazisokota pamoja kwa nguvu, unazikunja katikati zijisokote zenyewe, na pale zilipokunjwa ndipo kitanzi cha kuzungushia beringi. Uzi wa kidoleni ukatwe kwa kimo cha mtoto: yoyo ikiwa chini karibu na miguu, uzi ufike kitovuni. Mtoto wa miaka kumi hawezi kutumia uzi wa baba yake.

Na mafuta? Tone moja la mafuta mepesi kwenye beringi, basi. Grisi ya kinga usiweke. Grisi nzito inaifanya ishike na kurudi mkononi pasipo kutakiwa, halafu mtasema imeharibika.

DOLA THELATHINI ZITOKE WAPI?

Sasa msomaji ananiuliza: wewe unayesema bei si kubwa, dola 30 unaziona wapi hapa Sanga? Swali la haki. Familia moja ya wakimbizi haiwezi kuzitoa, na haipaswi. Familia nyingi za wenyeji vilevile.

Lakini hakuna sheria inayosema kila mtoto awe na yake. Mpira wa miguu ni mmoja na wanacheza ishirini na wawili. Watu kumi wakitoa dola 3 kila mmoja, yoyo moja ya vyuma viwili imepatikana. Wakiongeza kidogo, zinapatikana mbili tatu zile rahisi za kujifunzia. Zikae kwa mtu mmoja anayeaminika, mwalimu au mama wa kikundi, na ziwe na saa zake baada ya masomo. Atakayeweza kuilaza na kuirudisha mara kumi mfululizo kwa ile rahisi, huyo apewe zamu kwenye ile ya vyuma. Zamu ihesabiwe kwa ufundi. Isihesabiwe kwa kabila, wala kwa nani alifika Kamina kabla ya nani. Na wasichana wawe kwenye mstari kama wavulana, uzi hauulizi.

Kwa wale wanaoleta gunia la plastiki kwa ajili ya picha, nasema bila kuficha: tumeshachoka. Vitu hamsini vinavyovunjika siku moja ni takataka hamsini mlizotuletea kwa gari, na ni watoto hamsini waliojifunza kwamba kitu chao hakina thamani. Na pesa ya gunia lile ingenunua vitu vitano vya kweli. Leteni vichache, vizuri, na akiba ya nyuzi na beringi. Halafu kaeni nusu saa muone mtoto akijaribu. Picha itakuwa nzuri zaidi.

Kwa ndugu zetu wa mbali, ushauri ni huo huo. Usiniletee kumi mbaya. Niletee moja nzuri, beringi mbili za akiba, na nyuzi hamsini. Mzigo wake haufiki nusu kilo.

SISI NDIO WATU WA METALI

Namalizia na neno linaloniuma kidogo.

Tunaiita hii nchi yetu ya metali, na ni kweli. Kongo leo ni kati ya nchi mbili zinazotoa shaba nyingi kuliko zote duniani. Kipushi ina zinki, na mgodi wake umeanza tena kuzalisha mwaka 2024. Changanya shaba na zinki unapata shaba ya njano, ambayo ni nzito kuliko chuma, na kuna yoyo ambazo pete zake zimetengenezwa kwa hiyo hiyo. Maana yake kijana wa Kamina anayeagiza yoyo ya pete za njano kutoka ng'ambo anaweza kuwa anarudishiwa gramu ishirini za udongo wa babu yake, na analipia safari ya kwenda na ya kurudi.

Wala hatukuanza jana. Sanga nyingine, jina moja na letu, ile ya kando ya ziwa Kisale humu humu Haut-Lomami, inajulikana na wataalamu wa mambo ya kale duniani kote. Walichimba pale miaka ya 1957 na 1958, na tena miaka ya 1970, wakakuta makaburi ya watu walioishi zaidi ya miaka mia saba iliyopita. Ndani yake kulikuwa na vitu vya chuma na vya shaba vilivyotengenezwa kwa ustadi mkubwa. Wakakuta pia kwamba vyungu vilivyowekwa kwenye makaburi ya watoto vilikuwa vidogo, kulingana na umri wa mtoto. Fikirini hilo. Mtu alikaa chini akatengeneza chungu cha kimo cha mtoto, kwa uangalifu ule ule wa chungu cha mkubwa. Hakusema "ni mtoto tu".

Sisi tuna mafundi wanaoyeyusha alumini chakavu na kumimina sufuria. Tuna mji uliolelewa na reli, na wazee wanaojua maana ya kuchonga chuma kwenye mashine. Sufuria iliyomiminwa haiwi yoyo. Bila mashine ya kuchonga itayumba vibaya, na sitawadanganya. Lakini fundi mwenye mashine ya kuchonga mti anaweza leo kutengeneza yoyo rahisi ya mti, ile inayorudi mkononi, ile ya mwanzo. Hiyo haihitaji dola wala meli. Inahitaji mtu wa kuiagiza. Wazazi, viongozi wa vikundi, walimu: agizeni. Fundi akipata oda ya ishirini, atajifunza. Akipata ya mia, atakuwa na wanafunzi, na mmoja wao anaweza kuwa yule kijana aliyekuja na mzigo kichwani.

Kwa hiyo msimu huu wa zawadi ukifika, mambo ni matatu. Mtoto mdogo, yoyo ya mti kutoka kwa fundi wetu. Kijana aliyeshajua, yoyo ya vyuma viwili ya bei ya chini iliyopita majaribio yote matano, kwa mchango wa wengi. Na mtu yeyote atakayekuonyesha sanduku linalong'aa kabla ya kukuonyesha beringi, mwambie airushe kwanza, wewe ukitazama ukingo.